Kanisa la Florissant na Majina Yasiyoandikwa Ukutani

Haya wadau, leo tuwaache wanasiasa wetu wapumzike kidogo. Twendeni mbali, hadi jimbo la Missouri, katikati ya Marekani, kwenye mji uitwao Florissant. Najua wengi mtasema hamjawahi kuusikia. Lakini jirani yake mmemsikia: Ferguson, pale ambapo Agosti 2014 kijana Michael Brown alipigwa risasi na polisi akafa, na dunia nzima ikajifunza kulitamka jina la kitongoji ambacho hakuna mtu alikuwa na haja nacho. Florissant inapakana na Ferguson. Ni watu wale wale, barabara zile zile, maduka yale yale.

Kinachonipeleka huko si habari za polisi. Kuna kanisa dogo la matofali, limejengwa 1821, ambalo limenishika akili kwa wiki kadhaa sasa. Nimekuwa nikisoma habari zake usiku baada ya kazi, na kila nikidhani nimemaliza linafunguka jambo jingine. Nimeona bora tuligawane.

Tuanze na jina. Florissant ni Kifaransa, maana yake ni kitu kinachochanua. Unaweza kujiuliza Wafaransa walitafuta nini Missouri? Jibu ni kwamba kabla ya Marekani kuwa Marekani tunayoijua, bonde lote la mto Mississippi lilikuwa la Wafaransa, angalau kwenye ramani zao wenyewe. Wenyeji wa asili walikuwa na ramani yao vichwani na hakuna aliyewauliza. Wafaransa walianzisha vijiji vidogo vidogo kandokando ya mto: Cahokia, Kaskaskia, Ste. Genevieve, na mwaka 1764 St. Louis. Baadaye mambo ya wakubwa Ulaya yakabadilika, upande wa magharibi wa mto ukawa wa Hispania. Florissant ilianza wakati huo wa Wahispania, miaka ya 1780, ikiwa kijiji cha wakulima wa Kifaransa. Wahispania wakakiita San Fernando, jina la mfalme wao mtakatifu. Wanakijiji wakaendelea kusema Florissant. Mwaka 1803 Napoleon akaiuzia Marekani eneo lote lile, na wakulima wale wakaamka siku moja wakaambiwa sasa ninyi ni Wamarekani. Bendera tatu katika maisha ya mtu mmoja, na shamba ni lile lile.

Leo mji una watu zaidi ya 50,000. Ni kitongoji cha St. Louis kama vingine, chenye nyumba za kupanga na magari mengi. Lakini ukiingia sehemu ya zamani unakuta mitaa bado inaitwa kwa Kifaransa: rue St. François, rue St. Denis, na watakatifu wengine wamejipanga kama kwenye litania. Lugha yenyewe imekwisha. Kifaransa cha Missouri, ambacho wazee wa Old Mines kusini zaidi walikizungumza hadi karne iliyopita, kimebaki midomoni mwa wachache sana. Kilichobaki Florissant ni vibao vya mitaa, na kanisa.

Kanisa hilo linaitwa Old St. Ferdinand. Linatajwa kuwa jengo la kanisa Katoliki kongwe kuliko yote yaliyobaki kati ya mto Mississippi na milima ya Rocky. Pembeni yake kuna nyumba ya masista iliyojengwa 1819, kuna nyumba ya padre, na kuna shule ya zamani. Majengo manne yameshikana mikono kama ndugu waliosalia baada ya msiba. Katikati ya karne ya 20 parokia ilihamia kwenye kanisa jipya na kubwa zaidi, na majengo haya ya zamani yakabaki bila mwenyewe. Sote tunajua kinachofuata mahali kama hapo. Paa linaanza kuvuja, popo wanahamia, kisha anakuja mtu mwenye ramani ya maegesho ya magari.

Haikuwa hivyo. Mwaka 1958 wakazi wa pale waliunda chama wakakiita Marafiki wa Old St. Ferdinand, kwa lengo moja tu: kuyaokoa yale majengo. Si serikali iliyofanya, wala tajiri mmoja aliyeandika hundi. Ni watu wa mtaani, wakichangishana, wakijitolea. Toka mwaka ule hadi leo kanisa limesimama. Si parokia tena, ni mahali pa hija na makumbusho. Wageni hutembezwa, maharusi hufunga ndoa pale.

Sasa mnaniuliza, hija ya nani? Hapa ndipo anapoingia mama mmoja ambaye kwa kweli nimempenda, pamoja na yote nitakayosema baadaye.

Anaitwa Rose Philippine Duchesne. Alizaliwa 1769 Grenoble, Ufaransa, kwenye familia yenye uwezo. Akiwa binti wa miaka 18 aliingia kwa watawa wa Visitation, kwenye konventi iliyokuwa mlimani juu ya mji, na baba yake hakufurahi hata kidogo. Yakaja Mapinduzi ya Ufaransa. Konventi ikafungwa 1792, watawa wakatawanywa, yeye akarudi uraiani akawa anahudumia wafungwa na maskini kwa miaka kumi hivi.

Na hapa kuna jambo ambalo waandishi wengi hulipita haraka. Mwaka 1801, hali ilipotulia, Philippine alifanikiwa kuipata tena ile konventi yake ya zamani. Akaisafisha, akaziba nyufa, akawaita wenzake warudi. Alitaka kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Wachache walirudi, wakakaa kidogo, wakaondoka. Jengo lilikuwepo, lakini watu walikuwa wameshabadilika. Jaribio likashindwa kabisa. Mwaka 1804 akaamua kujiunga na shirika changa la Moyo Mtakatifu wa Yesu lililoanzishwa na Madeleine Sophie Barat, mwanamke mdogo kwake kwa umri wa miaka kumi. Konventi ya zamani ikaanza maisha mapya chini ya jina jingine.

Fikirini hilo. Mwanamke ambaye leo watu wanakarabati nyumba yake, yeye mwenyewe alishawahi kukarabati nyumba na akajifunza kwa uchungu kwamba ukuta ukisimama bado hujamrudisha mtu.

Mwaka 1818, akiwa na miaka 48, alipanda meli na wenzake wanne kwenda Amerika. Kwa zama zile miaka 48 ilikuwa umri wa kungoja wajukuu, si wa kuvuka Atlantiki. Walifika Louisiana mwishoni mwa Mei, wakapanda mto hadi Missouri. Mwezi Septemba walifungua shule kwenye nyumba ya magogo kijijini St. Charles, shule ya bure kwa watoto maskini. Mwaka uliofuata Askofu Dubourg akawahamishia Florissant, na mwishoni mwa 1819 wakaingia kwenye ile nyumba ya matofali ambayo bado ipo. Alikuja na ndoto ya kuwafundisha wenyeji wa asili. Akapewa kufundisha mabinti wa walowezi. Kiingereza kilimshinda maisha yake yote. Baridi ya Missouri ilikuwa kali kiasi cha maji kuganda ndani ya nyumba.

Kwenye ile nyumba wageni huonyeshwa kijichumba chini ya ngazi. Mapokeo ya pale yanasema huko ndiko Mama Duchesne alikolala, ili awe karibu na tabernakulo. Kijichumba chenyewe ni kama kabati la kuwekea mifagio. Kwa watu wengi wanaofika pale, hicho ndicho kitovu cha hija.

Mwaka 1841, akiwa na miaka 71, hatimaye aliruhusiwa kwenda kwa Wapotawatomi huko Sugar Creek, Kansas. Watu hawa walikuwa wamefukuzwa kwa mtutu wa bunduki kutoka Indiana mwaka 1838, safari ambayo iliua wengi wao, hasa watoto, hata ikaitwa Njia ya Kifo. Mama huyu alifika mzee, hajui lugha yao, hana nguvu za kufundisha. Akawa anakaa kanisani anasali. Wapotawatomi wakampa jina, Mwanamke Anayesali Daima. Baada ya mwaka mmoja wakubwa wake wakamrudisha Missouri kwa sababu ya afya. Alifariki St. Charles mwaka 1852, akiwa na miaka 83, na inasemekana alijiona ni mtu aliyeshindwa karibu kila alichojaribu. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 3 Julai 1988. Shirika lake leo liko nchi nyingi, zikiwemo Uganda na Kenya, kwa hiyo wapo wasomaji humu ambao wamefundishwa na masista wake bila kujua kuna kijichumba chini ya ngazi huko Florissant.

Hadi hapo ni hadithi nzuri. Ningeweza kuishia hapa na mkanishukuru. Lakini kazi yetu ya uandishi ina ugonjwa wake: ukiona jengo, unauliza nani alikuwa anapika jikoni.

Basi nikauliza. Na majibu yapo.

Aprili 1823 kundi la Wajesuiti lilitoka White Marsh, Maryland, kuja Florissant kuanzisha nyumba ya unovisi. Kiongozi wao alikuwa Padre Charles Van Quickenborne, Mbelgiji. Walikuwa kumi na wawili kama mitume: mapadre wawili, wanovisi saba, na mabruda watatu. Vitabu vya zamani vya kanisa huisimulia safari hiyo kwa fahari, jinsi walivyotembea kwa miguu milimani, wakashuka mto Ohio kwa mashua, wakatembea tena hadi St. Louis. Miongoni mwa wanovisi wale alikuwemo Pierre-Jean De Smet, ambaye alipewa upadre katika kanisa la St. Ferdinand 1827, na baadaye akawa mmisionari mashuhuri sana wa magharibi.

Lakini safarini walikuwa watu kumi na wanane, si kumi na wawili. Wajesuiti walikuja na watumwa sita, yaani mke na mume mara tatu: Tom na Polly, Moses na Nancy, Isaac na Succy. Walikuwa mali ya Wajesuiti wa Maryland. Walitolewa pale walipozaliwa, wakaacha ndugu zao nyuma, wakaletwa Missouri kulima, kujenga, kupika na kufua, ili vijana wa Ulaya wapate nafasi ya kusali na kusoma. Na Wajesuiti hao ndio waliochukua pia uongozi wa parokia ya St. Ferdinand. Kwa hiyo huwezi kusema hilo ni jambo la jirani. Ni historia ya mahali pale pale.

Miaka kumi baadaye, 1833, mtu mmoja katika watumwa hao wa Wajesuiti wa Missouri, Thomas Brown, aliandika barua kwa mkubwa wa shirika huko mashariki. Wakati huo yeye na mkewe Molly walikuwa wanatumika kwenye chuo cha Wajesuiti St. Louis. Barua hiyo ipo hadi leo. Alieleza kwamba ametumikia shirika kwa uaminifu kwa miaka mingi na mkewe pia, na sasa wanaishi kwenye kibanda cha magogo kilichooza, upepo ukivuma wanahofia maisha yao. Alisema mkuu wa chuo anataka wahamie darini kwenye jengo la nje lisilo na mahali pa kuwasha moto, na majira ya baridi yanakuja. Kisha akaomba kununua uhuru wake na wa mkewe kwa dola 100. 

Nimeifikiria sana barua hii. Kwenye nyumba ya Florissant tunaonyeshwa mwanamke aliyechagua kulala chini ya ngazi kwenye baridi kwa ajili ya Mungu, na tunapiga goti. Maili chache tu kutoka hapo kuna mwanaume na mkewe waliowekwa kwenye baridi bila kuchagua, na watu wanaosali kwa Mungu yule yule. Baridi ni ile ile. Moja ikawa utakatifu, nyingine ikawa karatasi kwenye kabati la kumbukumbu.

Na masista nao hawakuwa nje ya mambo hayo. Mama Duchesne alitamani kuwapokea mabinti weusi shuleni, Askofu Dubourg akamkatalia wasichanganywe na weupe. Lakini shirika lake lenyewe lilimiliki watumwa, hasa kwenye nyumba yao ya Grand Coteau, Louisiana, iliyoanzishwa 1821. Watakatifu wanaweza kuwa na macho makali kwa umaskini wao wenyewe na bado wasione mnyororo uliomo jikoni mwao. Missouri ilifuta utumwa Januari 1865, miaka 12 baada ya yeye kufa.

Sasa kuna wenzangu watasema, "Wewe nawe, kila kitu lazima ukiharibie watu?" Hapana ndugu zangu. Sikilizeni kwanza.

Mwaka 2016 Wajesuiti wa eneo lile pamoja na Chuo Kikuu cha Saint Louis walianzisha mradi wa kutafuta majina ya watu waliowamiliki na kuwatafuta wazao wao. Mwaka huo huo ndio ambao magazeti ya Marekani yaliandika sana habari za Wajesuiti wa Maryland walivyouza watu 272 mwaka 1838 kuokoa chuo cha Georgetown. Mwaka 2018 masista wa Moyo Mtakatifu waliwakusanya wazao wa watumwa wa Grand Coteau, wakasali pamoja, wakataja majina. Hao hawakuwa wapinga dini. Ni wanashirika wenyewe, kwa kutumia vitabu vyao wenyewe vya ubatizo, ndoa na hesabu za shamba. Mwandishi wa habari alifuata tu nyuma yao.

Na kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu ya pili ya ukarabati. Sehemu ya kwanza ni paa, madirisha, rangi na sakafu. Hiyo watu wa Florissant waliianza 1958 na wanastahili heshima, maana bila jengo kusimama hakuna ambaye angeuliza swali lolote. Jengo lililobomolewa haliwezi kuhojiwa. Ukishajenga maegesho ya magari pale, Mama Duchesne anapotea, na Tom na Polly wanapotea mara ya pili. Jengo likisimama, hata kama miaka hamsini linasimulia nusu ya hadithi, nusu ya pili ina mahali pa kuja kukaa.

Hilo si jambo dogo kwa St. Louis ya leo. Mei 2023 Jimbo Kuu Katoliki la pale lilitangaza kupunguza parokia zake kutoka 178 hadi 134. Waumini wamepungua, mapadre wamepungua, majengo ni mengi. Yapo makanisa yatakayofungwa milango bila kuwa na kundi la marafiki. Na wanaohuzunika si wazungu peke yao. Florissant yenyewe siku hizi ina wakazi wengi weusi. Mjukuu wa mtu aliyekuwa haruhusiwi kukaa benchi moja na mabinti wa walowezi leo anaishi rue St. François na analipa kodi ya kuhifadhi vibao vya Kifaransa. Huyu ana haki ya kuuliza, katika hadithi hii mimi niko ukurasa wa ngapi?

Niwaambie kwa nini swali hili limenikaa rohoni. Mjomba wangu amenitumia ujumbe wa mchango. Kigango chetu kule kijijini kina kanisa la zamani, kuta za mawe na udongo, bati limeshika kutu hadi limekuwa rangi ya chai. Kamati imeamua libomolewe lijengwe jipya, kubwa, lenye vigae na madirisha ya alumini. Kila mtoto wa kijiji aliyeko mjini amepangiwa kiasi. Mimi kiasi changu sikitaji hapa msije mkanicheka.

Sina ugomvi na kanisa jipya. Watu wameongezeka, mvua ikinyesha wanaloa ndani ya misa, na si haki sisi tulioko mjini kwenye feni tuwaambie wao waendelee kuloa kwa sababu jengo linapendeza kwenye picha. Huo ni ubinafsi wa watalii. Lakini kuna jambo moja. Lile kanisa la zamani lina jiwe la msingi lenye jina la padre mzungu na mwaka. Basi. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akituambia kwamba mawe yote yale yalitoka mtoni yakiwa vichwani mwa wanawake, na maji ya kukandia udongo pia. Alitaja wenzake mmoja mmoja, nani alikuwa mjamzito, nani aliangusha jiwe mguuni akachechemea hadi kufa. Hakuna jina hata moja kati ya hayo ukutani. Siku kuta zikienda chini, yale mawe yatageuzwa kifusi cha kujazia msingi mpya, na juu yake itawekwa marumaru yenye jina la mgeni rasmi.

Usinielewe vibaya, sisemi bibi yangu alikuwa mtumwa. Hapana. Aliibeba ile kazi kwa imani yake na aliionea fahari. Lakini kuna tabia moja inayofanana Missouri na kwetu: ukuta hukumbuka aliyeamuru, husahau aliyebeba.

Na Florissant inatufundisha kitu cha vitendo kabisa, ambacho hakihitaji dola. Wale watu hawakuchagua kati ya kanisa jipya na la zamani. Parokia ilijenga jipya mahali pengine, ikahamia, misa zikaendelea. Wachache waliobaki wakasema hili la zamani tuachieni sisi. Kwa hiyo swali la kamati ya mjomba lisiwe tu "tubomoe au tusibomoe". Liwe pia "kiwanja kingine kipo?" Na kama hakipo, kama ni lazima livunjwe, basi kabla ya nyundo ya kwanza akae mtu na wazee watatu au wanne waliobaki, mwenye simu ya kurekodi, waulizwe: nani alibeba? Mnakumbuka majina? Daftari la mistari themanini linatosha. Gharama yake haifiki hata bei ya kigae kimoja cha Kichina.

Nimemjibu mjomba. Nimemwambia mchango nitatoa, wote, mwisho wa mwezi. Ila nimeomba nafasi ya dakika tano kwenye kikao cha kamati, hata kwa simu, kuzungumzia hayo majina. Amenijibu kwa kifupi kama kawaida yake: "Tutaona, mwanangu." Mnaowajua wajomba mnajua hilo jibu linaweza kumaanisha chochote kuanzia ndiyo hadi hapana kabisa.

Wakati nikisubiri, nanyi nawaachia kazi ya nyumbani. Kwenye msikiti, kanisa au shule uliyosoma, kuna jiwe la msingi. Umeshalisoma. Sasa tafuta mzee mmoja aliyekuwepo, muulize mchanga ulitoka wapi, na nani aliusomba. Andika jina lake na la baba yake. Wazee wanaondoka haraka kuliko majengo, na Thomas Brown angekuwa hajulikani kabisa leo kama asingeandika ile barua mwenyewe.

Nawatakia wiki njema.